Moto hauzimwi kwa maji pekee

Ukimwuliza mtoto jinsi ya kuzima moto, atakujibu bila kusita: maji. Mwulize kurutu wa zimamoto aliyemaliza juma lake la kwanza la mafunzo, naye kwanza atakuuliza wewe: ni kitu gani kinachoungua? Jumapili hii tutaangalia kwa nini kurutu huyo anauliza, na kwa nini kila jamaa lingefaa kuuliza vivyo hivyo.

Nimechagua Kitui na Makueni kwa makusudi. Wengi mnaosoma ukurasa huu mnaishi Nairobi au Mombasa, lakini nyumbani ni huko, au watoto wenu wanasoma huko katika shule za bweni. Ni sehemu kubwa na kavu. Kaunti ya Kitui ina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 30,000, na Makueni zipatazo 8,000. Tangu Katiba ya mwaka 2010, kazi ya zimamoto iko mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini hebu fikiria: kutoka mji wa Kitui hadi Tseikuru ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Wote hadi Mtito Andei ni zaidi ya kilomita 100 pia. Hata dereva awe hodari namna gani, gari likitoka mjini na moto uko upande wa pili wa kaunti, litakuta majivu.

Kuna na jambo la maji. Gari likibeba lita 5,000, na mpira mmoja ukitema lita 500 kwa dakika, tangi ni tupu baada ya dakika 10. Mjini huenda likajazwa tena. Kando ya mto kama Tiva au Kaiti, ambao kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, litajazwa wapi? Kwa hivyo dakika za kwanza ni za yule aliye karibu na moto: mama jikoni, mwanafunzi bwenini, mchungaji mlimani. Huyo ndiye zimamoto wa kwanza, atake asitake.

KINGA NA KINGA

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja cha moto peke yake hufifia, lakini viwili vikikutana huwaka. Somo la kwanza la makurutu halitofautiani sana na methali hiyo. Huchorewa pembetatu ubaoni. Upande mmoja ni kitu kinachoweza kuungua, wa pili ni joto, na wa tatu ni hewa ya oksijeni, ambayo ni kama asilimia 21 ya hewa tunayovuta. Pande zote tatu zikikutana, moto huwaka na kuendelea. Ondoa upande mmoja tu, nao utakufa.

Basi njia za kuzima moto ni tatu. Ya kwanza ni kupoza, na hapo ndipo maji yana kazi yake. Ya pili ni kuunyima hewa, kama unapofunika sufuria kwa mfuniko. Ya tatu ni kuondoa chakula cha moto: kufunga valvu ya gesi, kusogeza magunia ya makaa, kufyeka nyasi zilizo mbele ya moto. Angalia kwamba mbili kati ya hizo tatu hazihitaji hata tone la maji. Kwa mkaaji wa Ukambani hiyo ni habari njema.

NI NINI KINACHOUNGUA?

Sasa twende kwenye lile swali la kurutu. Kuni, karatasi, nguo, godoro na nyasi za paa ni moto wa aina ya kwanza. Huu huzimwa kwa maji, kwa sababu huacha makaa yenye joto ndani. Ukizima miali tu bila kupoza makaa, utaamka usiku ukute unawaka tena.

Petroli, mafuta taa na rangi ni aina ya pili. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Ukiyamwagia maji yataelea juu yake na kusambaa yakiwa yanawaka, na moto uliokuwa mahali pamoja utakuwa chumba kizima. Mafuta ya kupikia yaliyoshika moto kwenye kikaango ni hatari zaidi. Maji huzama chini ya mafuta hayo ya moto na kugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huchukua nafasi mara 1,700 hivi kuliko maji yenyewe. Mafuta hurushwa hadi darini na usoni pa mpishi. Dawa yake ni kuzima jiko, kufunika kikaango kwa mfuniko au sinia, na kukiacha hapo hapo kipoe. Usikibebe kukimbia nacho nje.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja hutambaa sakafuni kimya kimya ikitafuta cheche. Ukisikia harufu yake usiguse swichi ya taa, iwe ni kuwasha au kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, kisha toeni watu nje. Na moto wa umeme usiupige maji, maana mkondo wa umeme waweza kukurudia kupitia maji hayo. Kata kwanza swichi kuu.

Mafuta taa nayo hayajaisha vijijini. Mafuta taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Muuzaji mlafi akichanganya petroli kidogo katika mafuta taa, koroboi iliyokuwa taa ya mtoto kusomea hugeuka bomu. Nunua kwa mtu unayemwamini, na usiongeze mafuta taa ikiwa bado inawaka.

MCHANGA TULIO NAO

Kitui na Makueni zimekosa maji ya kutosha, lakini hazikukosa mchanga. Mchanga huo huo unaosombwa kwa malori kwenda kujenga Nairobi ni kizima moto kizuri. Hufunika, hunyima hewa, na hunywa mafuta yaliyomwagika. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu mlangoni mwa jiko, dukani, na mahali pa kuwekea mafuta ya jenereta au pikipiki. Lakini tahadhari: mchanga si unga. Kuna watu hushika unga wa mahindi kwa haraka na kuutupa motoni. Unga unaopeperuka hewani huweza kulipuka.

Blanketi zito lililoloweshwa nalo ni msaada. Mtu akishika moto nguoni asikimbie, kwa kuwa kukimbia ni kuupepea. Alale chini, afunike uso, abingirike, nawe umfunike kwa blanketi hilo.

Wenye mtungi wa kuzimia moto kazini au garini, jueni kuutumia kabla ya siku yenyewe. Vuta pini, elekeza mdomo wa mtungi kwenye shina la moto wala si kwenye miali, bana mkono, kisha fagia kulia na kushoto. Mitungi midogo mingi huisha kabla ya nusu dakika. Kwa hivyo simama daima ukiwa na mlango nyuma yako. Mtungi ukiisha na moto bado upo, ondoka.

MOSHI NDIO MUUAJI

Watu wengi hudhani waliokufa motoni wamekufa kwa miali. Mara nyingi moshi huwa umewamaliza kabla miali haijawafikia. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu hulegea, akili humpotea, huanguka hatua chache tu kutoka mlangoni.

Moshi wa moto hupanda juu, na hewa safi kidogo hubaki karibu na sakafu. Ndiyo sababu kurutu hufundishwa kutambaa. Mfundishe mwanao pia. Kabla ya kufungua mlango, auguse kwa nyuma ya mkono. Ukiwa wa moto, asiufungue, atafute njia nyingine. Na akishatoka asirudi ndani kwa ajili ya sanduku, simu wala viatu. Zimamoto mwenyewe, akiwa na mtungi wa hewa mgongoni na vazi maalumu, haingii peke yake. Huingia wawili wawili.

MABWENI YA WATOTO WETU

Hapa, mzazi, naomba usome polepole. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wavulana 67 waliungua hadi kufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Hao ni majirani na ndugu wa watu wa Makueni, wilaya iliyomegwa kutoka Machakos mwaka 1992. Petroli ilimwagwa na kuwashwa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla yake, Machi 1998, wasichana 26 walikuwa wamekufa kwa moto huko Bombolulu, Pwani. Na Septemba 2024 tukazika watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri.

Baada ya msiba, watu huuliza nani aliwasha. Ni swali la haki, na la mahakama. Lakini zimamoto huuliza la pili: kwa nini hawakutoka? Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni. Bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2, na ujia usipungue mita 2. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji gari la zimamoto.

Siku ya kumtembelea mwanao, usiishie kwenye kuku na chapati chini ya mti. Omba kuliona bweni. Hesabu milango. Tazama dirisha. Ukikuta kufuli, mwone mwalimu mkuu kwa heshima, kisha bodi ya shule. Nawe mwanafunzi, ukisikia wenzako wakinong'ona habari za petroli, kumbuka kwamba kumwarifu mwalimu si usaliti.

VILIMA NA BARABARA

Makueni ina moto wa aina mbili ambao wakazi wa mjini hawauzoei. Wa kwanza ni ule wa Vilima vya Chyulu. Wakati wa kiangazi kijinga cha mrina asali au moto ulioachwa na wachungaji huweza kuteketeza nyasi na msitu. Mkaazi wa Mombasa asiseme hayamhusu: mvua inyeshayo Chyulu hupenya chini ya miamba na kutokea Mzima, na maji ya Mzima huenda Mombasa kwa mabomba.

Moto wa nyasi hupanda mlima mbio kuliko unavyoshuka, maana miali huzikausha nyasi zilizo juu yake. Kwa hivyo usisimame juu yake, wala mbele yake upande unaoelekea upepo. Upige kwa matawi mabichi kutoka ubavuni, ukiwa karibu na ardhi iliyokwisha kuungua ili upate pa kukimbilia. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na zimamoto kweli huchoma ukanda mbele ya moto ili ukose chakula. Lakini hiyo ni kazi ya waliofunzwa na wenye kiongozi. Wewe fyeka kwa panga na jembe.

Wa pili ni wa barabara ya Mombasa, inayopita Emali, Kibwezi na Mtito Andei ikiwa na malori ya mafuta mchana na usiku. Lori likianguka, mvuke wa petroli hutambaa chini, nao hauonekani. Sigara au injini ya pikipiki iliyo mbali yatosha kuuwasha. Huko Sachangwan, karibu na Molo, watu zaidi ya 100 walikufa Januari 2009 wakiteka mafuta ya lori lililoanguka. Kwa ajali ya namna hiyo, kazi ya mtu wa kawaida ni moja: kukaa mbali, upande unaotoka upepo, na kuwazuia wengine.

KWANZA UHAI

Makurutu hufundishwa mpangilio ambao haubadiliki: kwanza okoa watu, pili zuia moto usienee, tatu uzime, mwisho okoa mali. Nyumbani mara nyingi tunaugeuza, tunaanza na televisheni.

Basi juma hili fanyeni mambo manne. Jaza ndoo ya mchanga. Onyesha kila mtu nyumbani swichi kuu ilipo na mtungi wa gesi unavyofungwa. Chagueni mahali pamoja nje, kama mwembe au lango, ambapo wote mtakutana na kuhesabiwa. Na ufunguo wa mlango wa usiku uwe na mahali pake, panapojulikana na kila mtu, hata mtoto. Kisha, jioni moja, zimeni taa mjaribu kutoka kwa kutambaa. Watoto watacheka sana. Wacheni wacheke, ilmradi wanaijua njia.

Namba za dharura ni 999 na 112. Piga mara tu uonapo moto, hata kama uko mbali, utaje mahali na kitu kinachoungua.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia mtu aliyeungua. Kwa sasa shikeni hili tu: jeraha la moto lipozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala msilipake dawa ya meno wala mafuta.