Kumkumbuka Chopin kwa Redio



Tarehe 17 Oktoba mwaka jana niliketi sebuleni kwangu baada ya kazi ili kumsikiliza Chopin katika redio, kwa kuwa ndiyo siku aliyofariki, mjini Paris, mwaka 1849, naye ni mtu wa miaka 39 tu. Mpigaji piano hajafika hata kati ya wimbo wa pili, mara ikaingia sauti ya kutangaza sabuni. Kituo hicho sikitaji. Wimbo uliokatwa haukurudishwa. Sahibu yangu mmoja, karani kama mimi, akacheka akaniambia, "Bwana, Mzungu aliyekufa zamani hivyo akikatizwa, wewe wapungukiwa nini?" Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, nami naomba nafasi ndogo katika gazeti letu nilitoe.

Frédéric Chopin alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, si mbali na Warsaw. Baba yake Mfaransa, mama yake Mpolandi. Alitoka kwao Novemba 1830, na kabla mwezi haujaisha watu wa Warsaw wakaasi juu ya utawala wa Urusi. Maasi yalishindwa, naye hakurudi tena. Karibu kila alichotunga alikitunga kwa ajili ya piano. Lakini liko jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba bwana huyu hakupenda majumba makubwa. Maisha yake yote alipiga mbele ya umati kama mara 30 tu. Alipenda chumba kidogo na watu wachache, na vidole vyake vilikuwa vyepesi hata wasikilizaji wengine wakalalamika kuwa sauti yake ni ndogo mno.

Basi ni nani amfaaye mtu wa namna hii kuliko redio? Ukumbi wa watu elfu mbili humlazimisha mpigaji agonge kwa nguvu ili wa nyuma wasikie. Redio humleta hata sikioni, katika chumba cha mtu mmoja na taa yake, kama vile mwenyewe alivyopenda.

Tena sanamu huvunjika. Warsaw walimsimamishia Chopin sanamu katika bustani ya Łazienki mwaka 1926. Wajerumani wakailipua tarehe 31 Mei 1940, isisimamishwe tena mpaka mwaka 1958. Tangu mwaka 1959 hupigwa piano pale siku za Jumapili wakati wa joto, na watu huketi majanini wakisikiliza. Lakini kabla ya hayo, tarehe 23 Septemba 1939, mji ukiwa umezingirwa na mabomu yakianguka, Władysław Szpilman aliketi katika Redio ya Polandi akampiga Chopin, watu wakamsikia majumbani mwao. Siku ile ile umeme ukakatika kwa mabomu, redio ikanyamaza. Vita vilipokwisha Szpilman alirudi kazini katika redio hiyo hiyo. Mimi kila nikilifikiri jambo hili naona aibu kwa ajili ya ile sabuni.

Sahibu yangu atasema, hayo ni ya Wapolandi. Naam, ni yao. Lakini mara ya mwisho Chopin kupiga mbele ya watu ilikuwa London, katika Guildhall, tarehe 16 Novemba 1848, naye mgonjwa sana. Na tafrija ile ilikuwa ya kuwachangia wakimbizi wa Polandi. Husimuliwa kwamba wengi walikuja kwa ajili ya dansi, wasimjali sana mpigaji. Karibu miaka 100 baadaye wakimbizi wa nchi hiyo hiyo walifika hata kwetu: tangu mwaka 1942 maelfu yao walikaa Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi ya waliofia huko yapo hata leo. Mtu aliyepata kupita pale hawezi kuniambia kwamba habari ya Chopin ni ya mbali.

Wako wanaodhani kwamba kumbukumbu kubwa kupita zote ni yale mashindano ya piano ya Warsaw, yaliyoanza mwaka 1927, ambayo kwa kawaida hufanywa kila miaka mitano. Ni kweli kwamba redio na intaneti huyapeleka duniani kote, na mwaka 2025, aliposhinda Eric Lu wa Marekani, nami nilikesha. Walakini nakiri kwamba mashindano hunifanya nisikilize kama mkaguzi wa hesabu, nikitafuta kosa kila ukurasa. Lililonipendeza zaidi ni kwamba tarehe 17 Oktoba hashindani mtu. Siku hiyo huimbwa misa ya wafu ya Mozart katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu, ambamo moyo wa Chopin, uliopelekwa Warsaw na dada yake Ludwika, umehifadhiwa ndani ya nguzo. Misa hiyo ndiyo iliyoimbwa katika maziko yake.

Ninayoyataka kwa watangazaji wetu si makubwa. Wimbo upigwe hata mwisho wake; nyingi za nyimbo zake hazifiki dakika sita, na sabuni yaweza kungoja dakika sita. Jina la wimbo na la mpigaji yatajwe, kwa maana asiyejua jina atautafutaje tena? Wala wasimngojee mtu mpaka atimize miaka 200 ya kuzaliwa, kama ilivyokuwa mwaka 2010, kisha wamsahau siku ya pili. Nusu saa kila mwezi yatosha.

Nimekwisha kuwaandikia kituo kile, nikiweka tarehe na saa ya kosa. Jibu halijaja. Mwanachama apendaye kutia sahihi yake katika barua ya pili na aje mezani kwangu baada ya saa tisa na nusu, hata yule sahibu yangu, akitaka.