Picha ya Popo Ionyeshe na Mti Wake

Waarabu wa zamani walipokitaja kisiwa chetu cha Pemba walikiita Jazira ya Kijani, na jina hilo halikuwa la kubembeleza. Huenda basi msomaji akaona ajabu kwamba leo tunataka kuzungumzia picha ambazo hazina kijani hata chembe. Lakini ukweli usiofichika ni kwamba picha nyingi za wanyama wetu, hata zikipigwa kwa rangi zote, humfikia mwenye kukata shauri zikiwa nyeusi na nyeupe. Hupigwa chapa katika kurasa za ndani za magazeti, hunakiliwa kwa mashine za ofisini, huambatishwa na taarifa kutoka Wete, Chake Chake na Mkoani, na zinapowekwa juu ya meza ya mkubwa huwa zimekwisha kuwa za kijivu. Kwa hiyo namna ya kuzipanga picha hizo si shughuli ya mafundi peke yao.

Tuchukue mfano wa popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana kwa asili yake mahali pengine popote duniani. Picha yake iliyozoeleka ni ya popo mmoja, kichwa chini, amejifunika mabawa, na nyuma yake ni mbingu nyeupe tupu. Inapofika kwenye karatasi ya gazeti, asiyemjua hudhani ni kitambaa kilichosahauliwa kambani. Hata yule anayemjua hawezi kusema kama amepigwa picha Kidike, Ngezi, au ndani ya tundu la bustani ya wanyama huko Ulaya. Picha ya namna hiyo inamfaa mwanafunzi anayejifunza maumbile ya mnyama. Kwa ofisa anayetakiwa kuamua kama mti fulani ukatwe au uachwe, haimsaidii lolote, kwa kuwa mti wenyewe haumo.

Na mti ndio kiini cha maisha ya popo huyu. Wataalamu walimpa jina lake la Kilatini mwaka 1909, lakini wazee wetu walikuwa wakimjua tangu hapo, na walijua analala wapi: katika miti mirefu, ya misituni na ya makaburini, ambako shoka lilikuwa halifiki kwa urahisi. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia mita moja na nusu hivi. Kiumbe wa ukubwa huo, tena mwenye kulala kwa makundi, hawezi kuhamia kichakani. Katika miaka ya 1980 alikuwa amepungua mno, bunduki ikiwa na sehemu yake na shoka nalo likiwa na yake, na mwaka 1996 alitiwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wananchi wa vijiji kadhaa, wa Kidike wakiwa miongoni mwao, waliunda vikundi vya kumlinda. Na mwaka 2008 daraja lake la hatari liliteremshwa. Hiyo ni kazi ya wananchi wenyewe, wakishirikiana na serikali na wataalamu, na inastahili sifa kuliko inavyosifiwa. Lakini mtu akizitazama picha zilizotolewa kuieleza kazi hiyo, atamuona popo na asiuone msitu uliolindwa.

Tabia hii ya kumkata mnyama kutoka nchini mwake ina historia. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara na kuzitoa kitabuni mwaka 1905, alitumia mwanga wa baruti, na mara nyingine alifunga ng'ombe au punda kuwa chambo cha simba. Ujasiri wake hatuubezi. Hata hivyo mwanga ule ulimfikia mnyama na majani machache, na nyuma yake ikabaki giza, kana kwamba nchi haikuwepo na wenyewe hawakuwepo. Kasumba ya kumtazama mnyama kama nyara ilianzia huko, bunduki na kamera zikiwa katika mkoba mmoja.

Wapo waliokwenda njia nyingine. Peter Beard alipiga kutoka ndegeni picha za tembo waliokufa kwa njaa Tsavo, nchini Kenya, katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika picha hizo mzoga ni alama ndogo tu, na ardhi iliyokwisha miti ndiyo inayoijaza karatasi. Mtazamaji haulizi tembo amekufa kwa nini. Nick Brandt naye, katika kitabu alichokitoa mwaka 2016, alizichapa picha za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha katika majalala na machimbo ya Afrika ya Mashariki, mahali ambapo wanyama hao walikuwa wakipita zamani. Zote hizo ni nyeusi na nyeupe, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuelewa.

Kwetu Pemba kazi hii ina ugumu wake, nao ni wa kijivu. Manyoya ya popo ni ya rangi ya kutu, majani ni ya kijani. Machoni mwetu rangi hizo ziko mbali kama mashariki na magharibi, lakini katika picha isiyo na rangi huweza kuangukia kijivu kile kile, popo akamezwa na mti. Mafundi wa zamani waliweka mbele ya lenzi kioo cha rangi ya chungwa, manyoya yakang'ara, majani yakaingia giza na buluu ya mbingu ikakolea. Siku hizi jambo hilo hufanywa kwa kompyuta wakati picha inapoondolewa rangi, na kijana yeyote mwenye simu nzuri anaweza kujifunza. Jua nalo lisaidie: la asubuhi, linalopiga ubavuni, huutenga mti na mti. La mchana hufuta kila kitu.

Halafu kuna suala la mahali pa kusimama. Anayesimama chini ya mti akatazama juu atapata mbingu tu. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, basi na avuke bonde, apande kilima cha pili, ageuke. Hapo ataona mti wa popo umesimama juu ya mikarafuu, chini yake mpunga, pembeni paa la nyumba ya mtu. Popo watakuwa vidoto vyeusi, naam, lakini ni vidoto mia moja vyenye anwani. Au angoje magharibi, wanapotoka kwenda kutafuta maembe na matunda mengine, awaache wavuke anga huku mstari wa miti ukionekana chini yao. Asithubutu kupiga makofi au kurusha jiwe ili waruke mchana. Picha iliyopatikana kwa kumsumbua mnyama kitandani mwake haina haki ya kuchapishwa.

Ndani ya Ngezi mambo ni mengine, kwa kuwa mwanga ni haba. Humo mna kihodi, bundi wetu mdogo asiyepatikana kwingine, na mna mpapindi, mnazi wa msituni ambao nao ni wa Pemba peke yake. Kihodi mwenye mpapindi nyuma yake ni ushahidi usiopingika wa mahali.

Tutaambiwa kwamba wageni wanapenda sura ya mnyama kwa karibu. Wapewe. Vipeperushi vya wageni ni jambo moja na taarifa za serikali ni jambo jingine.

Tunapendekeza kwa idara inayohusika na misitu, na kwa walimu wa sekondari zilizo karibu, kwamba katika kila mahali panapolala popo ichaguliwe sehemu moja ya kusimama, iwekewe alama ya jiwe, na picha ipigwe kutoka hapo kila mwaka mwezi ule ule: mti mzima, mashamba yaliyouzunguka, na nyumba zinazousogelea. Nakala moja ibaki kwa sheha, moja iende ofisi ya misitu, na nyuma yake ziandikwe tarehe na jina la shehia.