DNA ya upande wa mama: Kwa nini mjomba anaweza kusaidia kumtambua marehemu

Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya wapendwa wao mwishoni mwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Swali ambalo wengi wamejiuliza ni moja: kama DNA ipo, mbona kutambua mtu huchukua muda mrefu hivyo?

Kwanza tuelewe kwamba DNA haitaji jina. Maabara hulinganisha tu sampuli ya marehemu na ya ndugu aliye hai. Ndugu asipojitokeza, hakuna cha kulinganisha.

Pili, DNA ni ya aina mbili. Ya kwanza imo katika kiini cha seli, nusu ya baba na nusu ya mama. Hii ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kumtofautisha mtu na mwingine, lakini mwili ukikaa ardhini kwenye joto na unyevunyevu, huharibika.

Aina ya pili imo katika mitokondria, vijisehemu vinavyoipa seli nguvu ya kufanya kazi. Seli moja huwa na mamia, hata maelfu ya nakala zake. Ndiyo maana mara nyingi bado hupatikana kwenye mfupa wa zamani, jino, au unywele usio na mzizi.

DNA hii hurithiwa kwa mama peke yake. Kwa hiyo wanaofaa kutoa sampuli ni mama mzazi, ndugu wa tumbo moja, mjomba, mama mdogo au mama mkubwa, na watoto wa dada. Shangazi na baba mdogo hawafai kwa kipimo hiki. Hata watoto wa marehemu mwanamume hawafai, kwa sababu wao wamebeba ya mama yao.

Mfano unaojulikana sana ni wa Urusi. Mwaka 1991 mifupa ilifukuliwa karibu na mji wa Yekaterinburg, ikidhaniwa kuwa ya mfalme Nicholas wa Pili na jamaa zake waliouawa 1918. Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, alitoa damu, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa mke wa Nicholas. DNA yake ililingana na ya mama huyo na mabinti watatu waliokuwa kaburini.

Lakini kipimo hiki kina mpaka wake. Watoto wote wa mama mmoja wana DNA hii moja, na hata watu wasiojuana wanaweza kufanana. Unywele uliookotwa penye uhalifu ukilingana na wa mshukiwa, unaweza pia kuwa wa kaka yake. Kipimo kinaweza kumwondoa mtu asiyehusika, lakini peke yake hakitoshi kusema "ni huyu". Lazima uwepo ushahidi mwingine.

Kwa hiyo, msikilizaji, familia yako ikiitwa kutoa sampuli, msitume watu wa upande wa baba peke yao. Nendeni na wa upande wa mama pia, na mweleze udugu wenu kwa ukweli: nani ni wa tumbo moja na nani ni wa mama mwingine. Udugu ukielezwa vibaya, majibu nayo yanaweza kupotosha.