Joto la shimoni: « Mutazoea » si jibu

Kila mara tunapofungua mdomo juu ya joto la chini ya udongo, wakubwa wanaleta jibu moja: « Mutazoea. » Sisi wa sendika tumelisikia mu mikutano mpaka limetuchosha. Leo tunataka kulijibu, na jibu letu linapitia kwa nzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasayansi mmoja wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa anachunguza wale nzi wadogo wanaofuata matunda yaliyoiva. Siku moja mtu wa laboratware akapandisha joto la kisanduku cha nzi, yeye hajui. Ritossa akaangalia na mikroskopi, akaona sehemu fulani za kromozomu zimevimba, sehemu ambazo mbele hazikuvimba. Mwingine angetupa wale nzi na kuanza upya. Yeye akarudilia kuwatia joto, apate kujua. Gazeti moja kubwa la sayansi likakataa kazi yake, eti haina maana. Ikatoka mu gazeti lingine, Experientia, mu 1962.

Alikuwa ameona nini? Mwili wenye kupigwa na joto, ukiita msaada. Mu 1974 Alfred Tissières na wenzake wakaonyesha kama, joto likipanda, chembe za nzi zinatengeneza protini fulani kwa wingi. Protini ni kama uzi mrefu, na haifanye kazi mpaka ijikunje vizuri mu umbo lake. Joto likizidi inakunjuka, inashikana na zingine, inaharibika. Kila mama anajua: ute wa yai ukiisha kuwa mweupe mu maji ya moto, haurudi tena.

Zile protini za Ritossa, nyingi ni wasaidizi. Zinashika nyingine zisishikane ovyo, zinazisaidia kujikunja. Wataalamu wanaziita « chaperons », kama mama mkubwa anayemsindikiza binti. Mu 1989 Arthur Horwich wa Marekani na Franz-Ulrich Hartl wa Ujerumani wakaonyesha kama msaidizi mmoja, Hsp60, anakunja protini zinazoingia mu mitokondria, kule ambako chembe inapatia nguvu. Mu 2011 wakapewa tuzo ya Lasker juu ya kazi hiyo.

Sisi pia tuko na wasaidizi hao mu mwili. Basi shefu anayesema « mutazoea » anasema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki njo inauaka. Kuzoea ni kazi ambayo mwili unaifanya: jasho linabadilika, moyo na damu vinabadilika, wasaidizi wanaongezeka. Inaomba siku 7 mpaka 14. Ukikaa nyumbani juma moja ao zaidi, kwa ugonjwa ao kilio, unaanza kuipoteza. Na hata aliyezoea ana mpaka. Mwili ukifika digri 40 na akili ikianza kuchanganyikiwa, pale hakuna tena kuzoea.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya ya wafanyakazi, inashauri kama mtu mpya asipite asilimia 20 ya muda wake mu joto siku ya kwanza, kisha aongeze 20 kila siku. Mwenye kuwa alizoea na anarudi kisha kukosekana, aanze na 50, halafu 60, 80, mpaka 100. Kwetu, kijana anaandikwa siku ya kwanza, kesho yake anapewa kazi yote. Mashine ikipata moto wanaisimamisha, wanaita fundi. Hatujasikia mashine ikiambiwa itazoea.

Tunaomba ratiba ya namna hiyo iandikwe mu mapatano ya kazi, kwa wapya na kwa wanaotoka konje. Tunaomba kipimo cha joto kila mahali pa kazi, na namba isomwe mbele ya ekipi nzima, si mu biro. Maji ya kunywa karibu, hewa inayotembea, na masaa ya kupumzika yasiyokatwa ku mshahara.

Wakati tunangojea jibu: mwenzako akianza kusema maneno yasiyo na maana ao kuyumba, usimuache peke yake. Umtoe mu joto, mumwagilie maji, umpepee, na mtu mwingine akimbie kuita munganga.