Behewa la Kale Si Gunia la Karafuu

Kwa muda sasa imekuwa ikisikika katika baraza za mji wetu, na pengine katika baadhi ya ofisi pia, rai ya kwamba Unguja iletewe behewa moja la kale kutoka Bara, lisimamishwe Bububu, ili vijana wapate kukiona kwa macho kile wanachokisikia katika masimulizi ya wazee. Rai hiyo haina ubaya. Anayeitoa ana mapenzi na historia ya visiwa hivi, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini tangu tuanze kuisikia hatujamsikia mtu hata mmoja akiuliza behewa hilo litabebwaje. Kila mmoja huanza na picha ya behewa lililokwisha simama, limepakwa rangi mpya, watoto wamelizunguka. Kati ya picha hiyo na mahali lilipo behewa lenyewe pana barabara, madaraja, nyaya za umeme, bandari mbili na mkondo wa bahari. Leo tunapenda kuyazungumza hayo ya katikati.

Visiwa vyetu si vigeni wa reli. Ya kwanza ilikuwa ile ya enzi za Sultani Barghash (1870–1888) iliyokwenda Chukwani, ambayo mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu, kisha na injini ndogo ya mvuke iliyoundwa Uingereza. Alipofariki Sultani, na reli nayo ikafa. Ya pili ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kazi mwaka 1905, kutoka mjini kupita karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, mwendo wa maili 7. Serikali ya wakati huo iliinunua mwaka 1911, abiria wakaacha kupakiwa mwaka 1922, ikabaki kwa muda kubeba mawe ya kazi za bandari, halafu ikang'olewa. Na tuseme hapa, kwa faida ya wale wanaoshikilia kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa garimoshi hilo: Bibi Salme alikwisha litaja shamba la Bububu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, miaka 19 kabla ya garimoshi hilo kupiga honi.

Jambo la mwanzo basi ni ukweli. Reli ya Bububu ilikuwa na upana wa futi 3, yaani milimita 914. Reli ya zamani ya Bara, iliyoanzwa Tanga na Wajerumani mwaka 1893 na baadaye ikatandikwa kutoka Dar es Salaam hadi ikafika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 kamili. Tofauti ni milimita 86, upana wa kiganja tu, lakini kwa gurudumu la chuma kiganja hicho ni sawa na bahari. Behewa la Bara lisingeweza kwenda hata hatua moja juu ya reli ya Bububu. Likiletwa, basi liandikwe waziwazi kuwa ni behewa la Bara lililoletwa Unguja kwa ajili ya elimu, wala asitokee mtu akalipaka ubavuni jina lisilo lake ili kuwapendeza watalii.

Sasa tuje kwenye safari. Wako watu wa kisiwa kingine waliokwisha pita njia hii, na mkasa wao unafaa kusimuliwa kwa urefu kidogo. Kaskazini-magharibi ya Ireland palikuwa na reli ya Donegal, yenye upana wa futi 3 kama ile ya Bububu. Reli hiyo ilijulikana kwa magari yake ya abiria yenye injini ya dizeli ndani yake yenyewe, ambayo ilianza kuyatumia mwaka 1931. Treni zake za abiria zilisimama tarehe 31 Desemba 1959, na mwaka 1961 vifaa vyake vikapigwa mnada. Katika wanunuzi wa mnada ule, wawili wanatufaa kwa mazingatio.

Wa kwanza ni kampuni ya reli ya Isle of Man, kisiwa kilichoko baharini kati ya Ireland na Uingereza. Wao walinunua magari mawili tu ya dizeli. Walikuwa na reli yao tangu mwaka 1873, ya upana uleule wa futi 3. Walijua magari yatalala wapi, nani atayatengeneza na yatafanya kazi gani. Yakapakiwa, yakavuka bahari, yakatiwa relini. Ikaonekana kwamba kila gari lina chumba cha dereva upande mmoja tu, na kule kisiwani kuligeuza ni taabu. Wakayafunga mgongo kwa mgongo, yakaenda mbele na nyuma kwa miaka kadhaa bila ya kugeuzwa. Hayo ndiyo matunda ya kununua baada ya kupima.

Wa pili alikuwa daktari mmoja wa Kimarekani. Huyu mapenzi yake kwa reli hayakuwa na mfano. Alinunua injini za mvuke na mabehewa kadhaa kwa nia ya kuvipeleka kwao ng'ambo ya Atlantiki na kuvitia kazini. Mnadani alilipa. Lakini alipokuja kupiga hesabu ya kuvisafirisha, gharama ilimshinda, na vitu vile havikuondoka. Vikakaa nje kwa miaka mingi katika stesheni zilizokwisha fungwa, mvua yao, jua lao, kutu ikala chuma na watu wakang'oa walichoweza kung'oa. Hakuwa mwizi wala mzembe. Alikuwa na pesa ya kununua, hakuwa na pesa ya kubeba, na wenye kupenda reli walikuja kutumia miaka mingine mingi kuokoa mabaki.

Tukirudi kwetu, hatari iliyo mbele yetu ni hiyo hiyo, nayo ina uso wa pili ambao ni mzito zaidi, nao ni maisha ya wachukuzi. Behewa la abiria lenye bogi mbili huweza kufika tani 30. Si gunia la karafuu, kwamba likiteleza begani litapasuka na karafuu zizolewe. Tuliwahi kushuhudia, miaka mingi iliyopita, mtambo wa kale wa kupigia chapa ukishushwa kutoka kwenye lori. Ofisi iliyohusika hatutaitaja. Kamba ilikuwa imefungwa penye mkono wa mtambo badala ya kwenye kitako chake kwa sababu mkono ndio uliokuwa karibu. Mkono ukakatika, mtambo ukaanguka, na kijana aliyekuwa amesimama upande wa chini alinusurika kwa kuruka tu. Siku ile hapakuwa na msimamizi. Palikuwa na watu saba wakitoa amri.

Behewa la kale lina udanganyifu wake. Kwa nje huonekana kitu kimoja, lakini ni vitu viwili au vitatu vilivyokaliana. Mwili wake umekaa juu ya bogi kwa uzito wake na kwa pini ya katikati. Ukiunyanyua mwili bila ya kuzifunga bogi, bogi hubaki chini au huning'inia kisha zikaanguka. Ubavu wake, hasa kama ni wa mbao, haukuundwa ubebe kitu. Kinachobeba ni fremu ya chuma iliyoko chini ya sakafu. Kwa hiyo minyororo ya kreni ikipita ubavuni bila ya boriti ya chuma ya kuitanua juu, hubana kuta kama mtu abanavyo boksi la kiberiti. Na fremu yenyewe, baada ya miaka mingi ya kusimama kwenye unyevu, huenda imeliwa na kutu mahali pale pale ambapo jeki inatakiwa kuwekwa. Haya hayajulikani kwa kutazama kwa mbali. Ni lazima mtu aingie chini na nyundo na taa, agonge, akwangue, aandike. Aidha mabehewa mengi ya zamani yana rangi zenye risasi, na mengine yamewekewa asbesto kuzuia joto. Anayeyakata au kuyakwangua bila ya kinga hujidhuru pasi na kujua.

Kwenye reli yenyewe, pale ambapo njia ya upana wa mita 1 bado inapitika, wengi hudhani kazi ni rahisi: lifunge nyuma ya treni, livute. Hilo ndilo kosa. Behewa lililosimama miaka mingi mafuta ya ekseli zake yamekauka. Likivutwa kwa kasi ekseli hupata moto, na huweza kukatika njiani. Breki zake pengine hazifanyi kazi, na behewa lisilo na breki haliwekwi mwisho wa treni, kwani likikatika hakuna cha kulizuia mteremkoni. Huvutwa polepole, mchana, na fundi husimama kila baada ya mwendo mfupi akashika kwa mkono kuona kama kuna joto.

Kwa barabara hutakiwa trela la chini lenye vipande vya reli juu yake, gurudumu litiwe kabari mbele na nyuma, na minyororo ifungwe kwenye fremu na kwenye bogi, pande nne. Kisha njia ipimwe kabla, kwa mtu kwenda na ufito wa kupimia, si kwa kukumbuka. Urefu wa mzigo kutoka ardhini hadi kwenye paa huongezeka kwa kimo cha trela, na waya wa umeme uliokuwa juu sana jana leo unakuwa wa kuguswa. Kutoka bandarini Malindi hadi Bububu pana nyaya na matawi ya kutosha kumfundisha adabu dereva mwenye haraka.

Ama habari ya bahari, hatuna la kuwafundisha watu wa visiwa. Kila nahodha anajua kwamba shehena nzito hukaa chini na katikati, kwamba mzigo wenye magurudumu ni adui aliyelala, na kwamba tawakali huja baada ya kufunga, si kabla. Twasema tu kwamba maji ya chumvi yakiingia kwenye chuma kilichokwisha kutu, behewa lioshwe kwa maji matamu siku ile ile linaposhushwa.

Iko rai nyingine, nasi tungependa wakuu waisikilize pia. Jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1971, linazo injini mbili kubwa za mvuke zilizoundwa Uingereza katikati ya miaka ya hamsini, kila moja yenye uzito wa zaidi ya tani 250: moja yaitwa Mount Gelai na nyingine Mount Shengena. Milima hiyo miwili iko Tanzania. Ziliundwa kwa ajili ya reli ya pamoja ya Afrika Mashariki, shirika lililovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, na mali yake ikabaki kila mahali ilipokutwa. Hatusemi zirudishwe, kuzihamisha tani hizo kwa ajili ya fahari ni upuuzi, na pale zilipo zimehifadhiwa. Tunasema kwamba mtoto wa Unguja anaweza kupelekwa Nairobi kwa nauli ndogo kuliko ya kumletea behewa Bububu, na huenda akaona zaidi.

Hata hivyo wakati hautungoji. Treni za reli mpya zimeanza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nazo zina upana wa milimita 1,435. Mabehewa ya mita 1 hayawezi kupita humo. Kila behewa la zamani linaloondolewa kazini lina njia mbili: kuhifadhiwa au kukatwa chuma chakavu, na mwenye kukata hachelewi.

Kwa hiyo tunaziomba idara zinazohusika na mambo ya kale, bandari na barabara zikae pamoja kabla ya mtu yeyote kutia saini ya kununua. Zimtaje ofisa mmoja, kwa jina, atakayekuwa na amri ya kusimamisha kazi yote pale mnyororo mmoja unapolegea, hata kama mgeni rasmi amekwisha wasili. Fedha ya kubeba ipatikane na iwekwe kando kwanza, na paa la kulifunika behewa lijengwe Bububu kabla behewa halijaondoka Bara. Na wachukuzi watakaolishika wapewe glovu, kofia na bima, tena waambiwe mapema siku ya kazi. Yakitimia hayo, sisi tutakuwa wa mwanzo kufika gatini. Yasipotimia, behewa hilo na liachwe lilipo, chini ya paa la yeyote aliye na paa.