Basi Lililopita Korogwe Mara Mbili

Bwana Mtengenezaji,

Naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu mwenzetu mmoja aliyesimama katika mkutano uliopita wa tawi, akasema ya kuwa kuwatembelea wastaafu ni anasa, na kwamba fedha za chama zisiteketee kwa mafuta ya gari ilhali kila mtu ana simu mfukoni. Wengi walimpigia makofi. Mimi nalinyamaza siku ile, maana nilikuwa na hasira tu, sikuwa na hoja. Sasa hoja ninayo, nimeiokota njiani.

Mwezi uliopita tulitoka Tanga watu watatu, sote tumekwisha kutimiza miaka 60 na kukabidhi funguo za ofisi, katika gari dogo la mmoja wetu. Mafuta tulichangia wenyewe. Nia yetu ilikuwa kufika Moshi pole pole, tukibisha hodi kwa kila mtu tuliyepata kukaa naye ofisi moja. Muheza tulimkuta Mama aliyekuwa akitupigia chapa barua zetu. Alitukirimu machungwa, kisha akatukumbusha mbele ya wajukuu wake makosa ya hijai tuliyokuwa tukimletea. Tulicheka mpaka machozi. Safari ingalikuwa hivyo yote, nisingaliandika barua hii.

Korogwe anakaa mzee ambaye sisi wa zamani tulimwita Bwana Masjala. Faili lililopotea siku tatu katika ofisi nzima, yeye aliliona kabla chai haijapoa. Basi mtu huyu, aliyetunza majalada ya watu wote, jalada lake mwenyewe limepungua miaka minne. Ni ile miaka aliyoazimwa kwenda wilaya nyingine. Ofisi inayohusika haikatai kuwa alifanya kazi. Yataka barua ya uhamisho, au maandishi ya mtu aliyekuwa naye huko. Barua hana. Alitufungulia mkebe wa bati, akatuonyesha nakala za likizo zote alizopata kuomba maishani, zimepangwa kwa tarehe, ila hiyo moja haimo.

Kisha akatuuliza, kwa furaha ya mtu aliyepata wageni waliochelewa: “Na Bwana yule wa Same hajambo? Yeye ndiye aliyenipokea kazini kule. Nampigia simu kila mara, haipatikani.”

Tulitazamana. Bwana wa Same tulimzika mwaka juzi.

Na tulivyomzika! Chama kilikodi basi zima. Palikuwa na mashada, na hotuba ya Mwenyekiti, na bahasha ya rambirambi iliyosomwa kwa sauti ili kila mtu asikie kiasi. Basi lile lilipita Korogwe asubuhi, likapita tena usiku. Asubuhi lilisimama stendi robo saa tukanunua maji na ndizi. Kutoka stendi hata mlangoni kwa Bwana Masjala ni mwendo wa miguu, wala hauchoshi. Hakuna aliyemkumbuka. Nami nilikuwamo, nimeketi dirishani.

Mwenzetu atasema, kwa nini hakupigiwa simu? Alipigiwa. Simu yake iliibiwa, akapata namba nyingine, na orodha ya chama ina namba ile ya zamani hata leo. Habari ya msiba iliingia katika simu ya mwizi. Huo ndio ushahidi wangu juu ya simu. Simu humpata mtu ambaye unajua alipo. Aliyepotea hutafutwa kwa miguu. Na laiti tungalipita njia hii kwa gari dogo mwaka mmoja kabla ya kuipita kwa basi la msiba, wazee wale wawili wangalikuwa hai wote, na maandishi yale yangalitiwa sahihi kabla ya adhuhuri.

Angalieni jambo la ajabu. Mfuko wa pensheni huwahakiki wastaafu ili kujua kama wangali hai. Sisi ndugu zao hatuulizi. Twangoja kuambiwa kuwa wamekufa, ndipo tunapata fedha, na gari, na maneno mazuri. Chama kina fomu ya msiba yenye kurasa mbili. Kwa mwanachama aliye hai hakina hata kijikaratasi.

Sisemi mfuko wa kufa na kuzikana uvunjwe. Maiti ana haki yake, na mjane haki yake. Walakini nauliza, kwa nini sehemu ndogo ya mchango ule isitengwe kwa safari moja kila mwaka, njia hii mwaka huu, njia ya Handeni mwaka ujao? Nakiri pia kuwa wageni ni mzigo. Mombo tulifika bila taarifa, vinywa vitatu, na mwenyeji akamkimbiza mtoto kutafuta kuku. Tuliona haya. Tokea hapo tulinunua sukari na unga kabla ya kubisha hodi, na hayo nayo yaandikwe katika hesabu.

Wengine wanapenda kututajia waasisi, kwamba chama si klabu ya kutembeleana. Chama cha kwanza cha watumishi wa serikali Waafrika katika Tanganyika kilianzishwa hapa Tanga mwaka 1922, na kiongozi wake alikuwa Martin Kayamba. Mwaka 1931 yeye alisafiri mpaka London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Sisi Korogwe ni mbali.

Mmoja wetu watatu alipata kukagua vitabu vya fedha katika wilaya ile, naye akumbuka kumwona Bwana Masjala pale. Ameandika aliyoyaona, wala hakuongeza neno. Barua imepelekwa, jibu halijaja. Mtu mmoja aliyepita siku mbili hatoshi kuthibitisha miaka minne. Kwa hiyo yeyote aliyefanya kazi naye huko ampelekee Katibu wa tawi jina lake kabla ya mkutano ujao.

Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano tutarudi Korogwe. Gari lina nafasi ya mtu mmoja. Nimemwekea mwenzetu aliyepigiwa makofi. Kiti chenyewe ni cha dirishani.

Ni mimi,
Karani Mstaafu, Tanga