Alichagua, Alizaliwa: Tunabishana Huku Tunazika

Tulimzika saa kumi alasiri. Udongo haujakauka kwenye vidole, watu wameshakaa chini ya mwarobaini wanabishana.

"Alijitakia," alisema mmoja. "Nani alimshika mkono?"

"Ni damu hiyo," alijibu wa pili. "Baba yake si alikufa na pombe? Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Marehemu ni mtoto wa mama mdogo. Tumekula sinia moja, tumelala kitanda kimoja, tumechapwa fimbo moja kwa kosa moja. Alikuwa na miaka 29. Nilikaa pembeni na jembe miguuni nikiwasikiliza, nikanyamaza kwa heshima ya msiba. Leo sinyamazi.

Maana ubishi ule ndio uliomuua. Nasema tena: si unga wa heroini peke yake. Ubishi ule.

Mnaubishania kila siku, barazani, kwenye daladala, kwa kinyozi. Mraibu alizaliwa hivyo, au alichagua? Mnakunja miguu, mnaagiza kahawa, mnapanga hoja. Na mimi nawauliza: jibu mnalitakia nini? Mkisema alichagua, basi kajitakia, mwacheni afe. Mkisema kazaliwa nayo, basi haitibiki, mwacheni afe. Mmeona? Majibu mawili, kaburi moja.

Haya, tuanze na wewe wa "alichagua".

Kete ya kwanza ilikuwa hiari yake. Sikatai. Alikuwa na miaka 17, maskani, akapewa msokoto wa bangi uliochanganywa unga, ule wanaouita kokteli. Akavuta. Nawe ulipokuwa na miaka 17 ulionja nini? Gongo? Sigara ya kuokota? Kijana wa miaka 17 anajaribu kila kitu, ndiyo maana hatumpi gari wala kura. Wewe ulichokijaribu kilikuachia. Yeye alichokijaribu hakikumwachia. Hiyo ndiyo tofauti yenu, na unaivimbia kifua kama tuzo ya tabia njema.

Lakini kete ya elfu moja? Hiyo nayo ni hiari?

Umewahi kukaa na mtu mwenye arosto? Si kuisikia, kukaa naye. Inaanza saa chache tu baada ya kipimo cha mwisho. Miayo kwanza. Halafu machozi na kamasi. Halafu vinyweleo vinasimama kama vya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linamkata, anaharisha, anatapika, mifupa inamuuma mpaka anapiga miguu ukutani usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Kumbe mwili wa kila mmoja wetu unatengeneza dawa yake wenyewe ya kutuliza maumivu. Unga ukiingia kila siku, mwili unajisahau, kiwanda kinalala. Unga ukikatika, mtu anabaki uchi mbele ya maumivu yote ya dunia. Mtu huyo hatafuti starehe. Anatafuta kusimama tu. Ndiyo maana anang'oa koki ya bomba la mama yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Bado unasema ni hiari? Basi nenda wodi ya wazazi, mwulize mkunga. Atakusimulia mtoto aliyezaliwa na mama anayetumia unga. Siku moja au mbili baada ya kuzaliwa anaanza kutetemeka, analia kwa sauti nyembamba isiyotulia, hanyonyi, hapati usingizi. Arosto. Ana siku mbili duniani na tayari ana arosto. Huyo alichagua lini? Maskani gani?

Na wewe wa "damu", usicheke. Zamu yako imefika.

Ni kweli damu ina sehemu yake. Watafiti wamewafuatilia mapacha kwa miaka mingi, na kwenye pombe wanakadiria kuwa takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya kunaswa hutokana na urithi. Nusu. Wewe umesikia "urithi" ukakimbia na mzigo mzima. Hiyo nusu nyingine umeiacha wapi? Hakuna mtu aliyezaliwa teja kwa urithi. Kuna mtu anayezaliwa na mlango mwepesi kufunguka, halafu sisi tunamkalisha karibu na mwizi.

Ngoja niwape kisa cha wanajeshi wa Marekani. Mwaka 1971 waliokuwa Vietnam walikuwa wanatumia heroini kwa wingi hata serikali yao ikatishika. Mtafiti mmoja, Lee Robins, akawafuatilia waliporudi kwao. Akakuta karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu kule vitani. Watu wakasubiri balaa liingie mitaani. Balaa halikuja. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, ni takriban asilimia 5 tu ya wale waraibu walionaswa tena, na wengi wa walioacha hawakukanyaga hospitali.

Damu yao ilibadilika ndani ya ndege? Au ghafla walipata nia waliyoikosa vitani? Kilichobadilika ni mahali. Waliacha vita, waliacha maskani, waliacha muuzaji mlangoni. Walirudi kwa mama zao, kwa wachumba, kwenye kazi.

Sasa nitazame usoni. Kijana wetu wa Temeke, wa Tandale, wa Kisauni, anarudi wapi? Kwa huyu wetu, nyumbani ndiko Vietnam.

Sisi tulifanya nini? Tulifanya kikao cha ukoo. Mjomba akasimama akasema, "Huyu ni mwanamume, ataacha kiume." Wazee wakaitika. Na mimi, msomi wa ukoo, niliitika. Tukamsafirisha kwa bibi, Handeni. Tukamfungia chumbani, arosto ikampiga peke yake, akalia wiki nzima. Miezi mitatu alilima, akala ugali wa dona, akanenepa. Tukapiga picha. Tukazisambaza: kapona!

Akarudi Dar Ijumaa. Jumatano tukamkuta kwenye pagale, sindano bado mkononi.

Unajua kwa nini? Kwa sababu ukikaa miezi bila unga, mwili unapoteza ule uzoefu wa kuuhimili. Kichwa kinakumbuka kipimo cha zamani, mwili hauwezi tena kukibeba. Pumzi inapungua, inapungua, inakwisha. Ndiyo maana wengi wanakufa wiki za mwanzo baada ya kutoka jela au kutoka kwenye kufungiwa. Hili madaktari wanalijua. Limeandikwa. Ukoo mzima hatukulijua, maana hatukuuliza. Tulikuwa na jibu tayari: ni suala la nia.

Wenzake waliokuwa naye walikimbia wakiogopa polisi. Kuna dawa, naloksoni, inapuliziwa puani au inachomwa kwa sindano, inamrudishia mtu pumzi ndani ya dakika chache. Mtaani kwetu nani anayo?

Na lile linaloniamsha usiku ni hili. Dirisha la methadoni, dawa ya waraibu wa unga, lilikuwa mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka nyumbani kwetu. Dakika arobaini! Muhimbili walifungua kliniki yao Februari 2011, ya kwanza ya umma katika bara lote hili kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa. Baadaye zikaja Mwananyamala na Temeke, kisha Mbeya, Mwanza, Dodoma. Wakenya walianza Mathari mwishoni mwa 2014. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Mtu anakwenda asubuhi, anakunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, anaondoka. Inakaa kwenye vile viti vya ubongo ambavyo unga ulikuwa unavikalia, inakaa polepole, siku nzima, bila kumrusha mtu juu wala kumbwaga chini. Arosto haiji. Akili inapata nafasi ya kufikiri jambo lingine.

Mimi ndiye niliyeitaja kliniki kikaoni. Mjomba akauliza, "Tutoe unga tuweke unga?" Watu wakacheka. Nikakaa chini. Nilikaa chini!

Unga kwa unga, eti. Shemeji yako anameza vidonge vya presha kila siku kwa miaka 15. Presha ile aliitafuta mwenyewe kwa chumvi na nyama choma. Umewahi kusikia mtu dirishani anamwuliza, "Mama, ulizaliwa nayo au ulichagua?" Babu yako mwenye mapafu ya tumbaku, amefukuzwa hospitali? Hilo swali mbona mnaliweka akiba kwa mateja tu?

Si kwao tu, ngoja niseme ukweli. Mnalo jingine. Barazani mkimaliza unga mnahamia kwa mashoga, kwa pumzi ileile: wamezaliwa au wamechagua? Mnayatia yote kapu moja na hayafanani. Ushoga Shirika la Afya Duniani liliuondoa kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Uraibu umo mpaka leo. Ushoga hauna arosto wala kipimo kinachozidi kikaua. Mwaka 2019 wanasayansi walipima vinasaba vya watu karibu nusu milioni wakitafuta chanzo chake, hawakukuta kinasaba kimoja cha kunyooshea kidole. Waliona vingi, kila kimoja na mchango mdogo sana, na vinasaba vyenyewe havitoi habari yote. Hakuna jibu la neno moja. Lakini ninyi mnalitaka la neno moja, kwa sababu hamtafuti kujua. Mnatafuta ruhusa ya kupiga. Jirani yangu mmoja alipigwa mtaani kwa tuhuma hiyo mpaka akavunjika mkono, na waliompiga hawakumwuliza swali lolote la sayansi.

Turudi kwenye unga.

Mnapobishana kuhusu uchaguzi wa mtoto wa miaka 17, mbona hamtaji uchaguzi wa wakubwa? Unga haukuota Manzese. Kwa miaka mingi umetoka Afghanistan, ukapita Pakistan na Iran, ukapakiwa majahazi, ukakata Bahari ya Hindi mpaka kwetu. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi nje ya pwani ya Kenya lina zaidi ya tani 1 ya heroini. Tani! Jahazi moja! Mwenye mzigo ule alizaliwa hivyo, au alichagua? Mbona yeye hamumbishanii?

Mwaka 2017 majina ya wasanii waliotuhumiwa kwa unga yalisomwa hadharani Dar es Salaam, nchi nzima ikasimama, redio zikawaka. Tulijadili nani katajwa, nani hakutajwa, nani kaenda kituoni na gari gani. Wiki ile mtaani kwetu tulizika vijana wawili. Hakuna aliyesimama.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unauona mwepesi kwa sababu haujakaa begani kwako. Utakaa. Una mtoto wa miaka 17? Unajua jioni anakaa wapi? Unajua msokoto wanaopokezana una nini ndani? Amka, ndugu yangu. Mimi nililala, nikaamshwa na simu ya saa nane usiku.

Sisemi methadoni ni muujiza. Haitibu ukiwa. Haimpi mtu kazi. Ukimnywesha asubuhi na kumrudisha maskani mchana bila shughuli, bila anayemwita kwa jina lake, unajaza pipa lililotoboka. Wale wa Vietnam walipokelewa na mtu. Wetu tunawapokea kwa kufunga milango na kuhesabu vijiko.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna kijana. Yuko kwenye dozi mwaka wa nne sasa, hajakosa asubuhi hata moja isipokuwa siku mama yake alipolazwa. Fundi mzuri wa viti. Mtaa mzima tunajua, na mtaa mzima viti vyetu tunapeleka kwa wengine. Mama mwenye nyumba alimwambia mbele yangu, "Teja ni teja." Akajibu, "Shikamoo, mama," akapita.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi anapita mbele ya milango yetu akienda dirishani. Juzi nilimsimamisha, nikamwuliza mbona anatembea jua linachomoza na daladala zipo. Akasema ana nauli ya kwenda tu, ya kurudi hana, kwa hiyo anaitunza ya kwenda kwa siku za mvua, asije akachelewa.